Pikapu ya Baba Mdogo

Mambo yalianza Jumamosi moja, saa tisa na dakika kumi alasiri. Leo harufu ya chuma kwenye karakana ya shule imenirudisha kwenye gereji yetu ya Hallunda, kule ughaibuni. Baba alikuwa anakata paa la pikapu ya marehemu mdogo wake, iwe ratrodi, gari fupi la kutu waliloliota wote wawili. Arobaini ilikuwa bado, na kwetu vitu vya marehemu haviguswi kabla.

“Baba, si tusubiri?” nikamuuliza.

“Acha woga, mama. Shika tochi.”

Honi ya pikapu ikalia. Betri yake ilikuwa imetolewa, iko sakafuni, miguuni pangu.

Baba akazima grainda. “Samahani, mdogo wangu,” akanong’ona. Honi ikanyamaza.

Kesho yake asubuhi niliifunika pikapu kwa shuka langu, nikamwambia baba mdogo zimebaki siku sita tu hadi arobaini yake.