Aliyekuwa Akilia Katikati ya Nyundo

Kuna siku mwanaume mzima alilia kwa sauti kwenye kibanda cha mafundi wa bati Shauri Moyo, na hakuna aliyekiri kuwa ni yeye.

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza.

Ngoja niwaeleze, maana najua hapa kuna wajuaji wa kutoa maoni kabla ya kusoma.

Naitwa Muriuki. Natengeneza masanduku ya bati, yale ambayo watoto hubeba wakienda shule za bweni. Kibandani tumekaa bega kwa bega, kila mtu na nyundo yake na kipande chake cha reli cha kugongea. Kelele za pale si za kusimuliwa. Ukitaka maji unaonyesha kwa mkono. Wengi huziba masikio kwa pamba, na mimi huziba zaidi ya wote kwa sababu upuuzi wa watu siutaki.

Tuna desturi moja. Mmoja wetu akifiwa, mwenyekiti wetu, mzee Wamalwa, hupuliza filimbi. Nyundo zote zinasimama. Anamtaja aliyefiwa, tunanyamaza kidogo, halafu kazi inaendelea.

Siku hiyo ya Novemba filimbi ililia, nyundo zikanyamaza.

Sauti moja ikabaki.

Waliosikia wanasema ilikuwa ya mtu anayelia kwa nguvu zake zote, kisha ikakatika. Mimi na pamba zangu husimama tu nikiona wengine wamesimama. Nilipozitoa, nikakuta watu wametoa macho upande wetu. Upande wetu tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu Owiti.

Owiti alikuwa ameinamisha kichwa, anageuzageuza kipande cha bati.

"Owiti, buda, umejigonga kidole ama umekumbuka mathe?" nikamuuliza, kila mtu asikie.

Kibanda kizima kikacheka. Owiti akatabasamu, hakusema kitu.

Mtu akinyamaza hivyo amejimaliza mwenyewe. Kuanzia siku hiyo nikambatiza Machozi. Machozi, leta chai. Machozi, leo umelala vizuri? Nilimdharau kabisa. Mtu ana mikono miwili, ana kazi, watoto wake wazima, sasa analilia nini?

Mimi nilikuwa na sababu na sikulia.

Septemba mke wangu Ndanu alijifungua mtoto ambaye hakupumua. Ilikuwa asubuhi. Mchana nilikuwa kazini, sikumwambia mtu, na filimbi haikupulizwa. Nilipofika nyumbani nilimwambia, "Ni mpango wa Mungu, tujikaze." Akilia, natoka nje. Akiniuliza niko aje, namwambia niko sawa.

Mwisho wa Oktoba akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Huruma. Mlangoni akaniambia, "Siku utaweza kuniambia kitu iko ndani yako, ukuje. Lakini kama unakuja kuniambia uko sawa, usipande ngazi."

Nilimwona anaigiza tu. Nikasema akichoka atarudi.

Hakuchoka. Desemba ikafika, nyumba imenyamaza, nakula maharagwe ya kibandani kila siku, na ukiniuliza bado niko sawa. Kitu pekee kilichonisumbua ni koo. Kila jioni lilikuwa limekauka na linauma, nikalaumu moshi wa rangi.

Sasa sikieni kituko. Mzee Wamalwa alishtushwa na ile sauti, akaenda kulia shida kanisani kwao, wakatuletea mshauri. Dada anaitwa Norah. Sauti laini, viatu visivyojua vumbi. Akatukusanya ukumbi wa Kaloleni Jumapili alasiri, akatugawia kadi zilizochorwa sura. Moja inalia, moja imekunja uso, moja imetoa macho. Wanaume wenye mikono kama makoleo, tumeketi tumeshika katuni.

"Kila mtu achague sura inayofanana na moyo wake," akasema, "halafu aipe jina."

Nilitamani kumrudishia ada ya chuo yule aliyemsomesha huyu.

Owiti akainua kadi yake. "Hii ni mimi. Naogopa. Mathe ni mgonjwa huko Siaya, na kila simu ikilia najua ni hiyo."

"Si niliwaambia," nikamnong'oneza aliyeketi nyuma yangu.

Norah akanigeukia. "Na wewe, ndugu yangu?"

"Mimi nina njaa. Hakuna sura ya njaa hapo?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka wala kukasirika.

"Na ukitoa njaa?"

"Niko sawa."

"Haya," akasema, akaenda kwa mwingine.

Jioni hiyo nikampigia Ndanu. Akauliza, "Uko aje?" Kabla sijafikiria, mdomo ukajibu niko sawa. Akakata simu. Nilikaa nimeishika, nikamtukana Norah, nikatukana kadi zake, nikawatukana wote wanaotaka mtu ajipasue ndio waamini ana moyo.

Januari ndiyo msimu wetu. Kila mzazi anataka sanduku, na anataka jana. Owiti alikuwa ameenda Siaya kwa mamake, kwa hivyo upande wetu nilibaki peke yangu, nagonga kona za sanduku kubwa la mteja msumbufu.

Filimbi ikalia.

Pamba ya sikio la kushoto ilikuwa imeanguka bila mimi kujua. Nikasikia nyundo zikinyamaza moja baada ya nyingine. Halafu, kwa mara ya kwanza, nikaisikia ile sauti.

Ilikuwa inatoka kwangu.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Uso ulikuwa umelowa, na siku zote nilidhani ni jasho. Kibanda kizima kilikuwa kinanitazama na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mzee Wamalwa akakohoa. "Aliyefiwa ni Owiti," akasema. "Mamake ametuacha asubuhi hii."

Nikatoka nje nikampigia Owiti. Nikampa pole. Akashukuru.

"Ile sauti," nikasema. "Ulijua ni mimi?"

"Nakaa kando yako, msee. Nimekuskia tangu Septemba."

"Na ukaniacha nikuite Machozi mbele ya watu?"

"Manze, ulikuwa unaonekana vibaya. Nikaona afadhali wanicheke mimi, jioni naenda kwangu nalala. Wewe ungefanya nini na hiyo nyundo?"

Nikagundua nimetoka nayo mkononi.

"Halafu si kulia tu," akasema. "Kuna mtu huwa unaita. Gathoni. Sijui ni nani."

Nikaketi chini hapo hapo kwenye vumbi.

Gathoni ni mama yangu. Yuko hai, yuko Murang'a, anakamua ng'ombe wake. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na mtoto wetu alikuwa binti. Mama alipofika hospitali alinivuta kando ya kitanda akaniambia, "Huyu msimpe jina langu. Liwekeeni atakayeishi." Shangazi zangu wakaitikia. Mimi pia nikaitikia, na Ndanu amelala hapo anasikia. Tukamzika mtoto bila jina.

Nilitembea mpaka Huruma na vumbi langu lote. Nikapanda zile ngazi. Ndanu akafungua mlango, akasimama katikati yake.

"Uko aje?"

"Siko sawa," nikasema. "Nina uchungu. Nimemkasirikia mama mpaka simu zake sishiki. Na naona aibu, kwa sababu niliitikia. Mtoto wetu anaitwa Gathoni."

Jirani aliyekuwa anaanika nguo alisimama asikilize vizuri. Watu wa ploti hawana haya. Nililia mbele yake, na safari hii nilijua kwamba nalia.

Ndanu akanishika mkono akanivuta ndani.

"Hata mimi humwita," akasema. "Lakini kwanza huwa nafungulia redio."

Wiki iliyofuata tulikwenda Siaya pamoja kumzika mama Owiti. Huko nilimwomba Owiti msamaha, akaniambia nimbebee viti vya wageni.

Sasa nyinyi wa "mwanaume hujikaza", najua mtajaa hapo chini. Andikeni mpaka vidole viume. Nawajua kwa sababu nilikuwa kiongozi wenu, na nawaambia hakuna ujasiri wowote hapo, ni woga tu umevaa suruali. Kitu kikikuzidi, kitaje kwa mtu wako, kwa jina lake, hata kama utasikika mjinga.

Mimi nilisikika mjinga, na mke wangu amerudi nyumbani.