Tundu Aliloliziba Cheng-te

Katika mji wa Lugang, koki za maji za kiwanda cha Ko zilijulikana kwa jambo moja: hazivuji. Baba mkwe wa Yueh-kuei alikuwa akirudisha koki nzima kwenye tanuri kwa sababu ya mkwaruzo ambao mteja asingeuona. Ukoo wenyewe ulilelewa hivyo hivyo. Basi siku Feng, fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Taichung, aliposimama katika chumba cha seva akasema neno lake, lilimchoma Yueh-kuei kama mwiba wa samaki.

"Mzee Ko, nisikufiche," Feng alimwambia mwenye kiwanda huku akijipepea kwa kofia. "Aliyeufunga mtandao huu alikuwa anabahatisha. Ng'oeni wote tuweke mpya."

Aliyeufunga alikuwa Cheng-te, mume wa Yueh-kuei, aliyefariki mwaka juzi. Mzee Ko aliyekuwa akiambiwa maneno hayo alikuwa Cheng-yuan, kaka mkubwa wa marehemu, wa tumbo moja. Alimgeukia mjane.

"Shemeji, wateja wa koki wanangoja na ghala haliwezi kuziona oda. Kesho asubuhi kama bado, nitamwachia Feng ang'oe."

"Kaka, ang'oe nini? Kazi ya mdogo wako?"

"Ang'oe waya. Waya ni waya tu."

Haikuwa waya tu, na wote wawili walijua. Mji mzima ungesikia kwamba Ko mdogo aliacha kazi mbovu nyuma yake.

Yueh-kuei alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari kabla ya msiba. Miaka yote ya ndoa alimshikia mumewe tochi nyuma ya mashine, akiuliza maswali mpaka Cheng-te anacheka. Mumewe alipozikwa, yeye aliacha ualimu akachukua funguo za chumba cha seva, maana hakutaka mgeni apekue kazi ya mkono ule. Aliingia humo akiwa amevaa hereni zake za lulu, nywele zimefungwa, kama anakwenda kusimamia mtihani.

Tatizo lenyewe lilikuwa la kumtoa mtu wazimu. Tangu sadaka za mwezi wa saba, mwezi wa mizimu yenye njaa, kompyuta za ghalani zilikuwa zikiifikia seva zinapotaka. Asubuhi zinaingia, baada ya chakula zinagoma, ukiiwasha moja upya inaingia, jirani yake inakataa. Ofisi ya mauzo, iliyokuwa ukuta mmoja na seva, haikusumbuka hata mara moja. Feng alikuwa ameiita seva kwa namba yake, seva ikaitika kila mara. Akaangalia taa zake mbili nyuma, zote za kijani. Akahukumu kwamba ubovu uko kwenye waya wa kwenda ghalani.

Yueh-kuei hakuweza kukaa. Alikwenda ghalani, akarudi, akaenda tena. Chai yake ilipoa mezani, ikamwagwa, ikapoa nyingine.

"Dada Kuei, mashine yako imenuna tena!" A-hsueh, karani wa ghala, alimpokea akiwa na feni mkononi. "Nimeibadilishia mpaka pakiti. Nimeangalia tarehe, haijaisha muda. Sasa inataka nini, nguruwe mzima wa sadaka?"

Alimaanisha ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ambayo jina lake ni kama kumbembeleza mtoto atulie. Hakuna mashine, ya ghalani wala seva, iliyokaa bila pakiti hiyo juu yake ili itulie, na lazima iwe ya kijani. Ya njano au nyekundu ni kuichokoza.

"Acha mzaha, A-hsueh. Jaribu tena."

"Nimejaribu mpaka kidole kimechoka."

"Sogea, basi." Yueh-kuei aliketi mwenyewe. Hakuiita seva kwa namba kama Feng; aliiita kwa jina, kama kompyuta za ghala zinavyofanya. Kisha akamuuliza mtunza majina, ile programu inayojibu kila kompyuta ikiuliza seva inakaa wapi. Ilimjibu kwa namba mbili. Alipouliza tena, zilikuwa ni hizo hizo, ila iliyokuwa ya pili sasa imetangulia.

Namba ya kwanza aliifahamu. Ya pili ilimsisimua mwili. Ilikuwa ya njia ya zamani, iliyokwenda jengo la nyuma enzi seva ilipokuwa ikinakili kazi zake huko. Jengo lilifungwa, na kutoka ghalani, tofauti na ofisi ya mauzo, hakukuwa na njia ya kufika namba ile.

"Dada, mbona umekuwa mweupe?"

"Mtu akikuuliza nyumba yangu ilipo, ukamwelekeza leo mlango wa mbele, kesho ule wa uani uliojengewa ukuta, atafika?"

"Atafika nusu ya siku."

"Haya."

Alirudi chumba cha seva karibu anakimbia, jambo ambalo mke wa Ko hafanyi mbele ya wafanyakazi. Seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Tundu la kadi ya pili Cheng-te alikuwa ameliziba kwa kizibo cheusi cha mpira, Yueh-kuei akimshikia tochi. Sasa tundu lilikuwa na waya, na taa yake ya kijani ilikuwa ikikonyeza. Kizibo alikikuta juu ya seva, kando ya pakiti, kimewekwa vizuri juu ya kipande cha karatasi nyekundu.

Siku ya sadaka, kutandika karatasi nyekundu chini ya pakiti ni kazi ya mkuu wa nyumba, sasa Cheng-yuan. Hakuna mwingine anayeigusa karatasi hiyo.

Alichomoa waya. Akapiga simu ghalani.

"Bado," A-hsueh alisema. "Ndiyo kwanza inakataa."

Yueh-kuei alisimama na simu sikioni, jasho likimteremka mgongoni. Je, kama Feng alikuwa sahihi? Alizunguka chumba mara kadhaa kabla ya kukumbuka: mtunza majina bado ameishika namba ile ya zamani, na kompyuta za ghala zimeikariri. Aliifuta kwa mtunza majina. Akaikataza kadi ya pili isijiandikishe tena, hata siku mtu akiichomeka. Kisha akamwongoza A-hsueh, kompyuta baada ya kompyuta, azisahaulishe.

Asubuhi Feng alikuja na koleo zake, akakuta ghala linapakia. Yueh-kuei alimwonyesha ile namba ya pili na waya alioutoa kwenye tundu. Kijana alikodoa macho.

"Na mjinga gani aliuchomeka huu?"

Cheng-yuan alikuwa mlangoni. Aliangalia karatasi nyekundu, kisha akaangalia viatu vyake.

"Waya umechomekwa na nyumba ya Ko, na nyumba ya Ko imeuchomoa," Yueh-kuei alisema. "Aliyeujenga mtandao alikuwa ameliziba tundu hili. Jana ulisema alibahatisha. Neno hilo lirudishe, fundi, hapa hapa ulipolisemea."

Masikio ya Feng yaligeuka mekundu. Aliinama. "Nimelirudisha, Mama Ko. Alijua alichofanya. Mimi niliona taa za kijani nikaridhika."

Alipoondoka, Cheng-yuan alipiga magoti nyuma ya seva, magoti yake mabovu yakilia, akakirudisha kizibo mahali pake.

"Niliona taa moja imezimika siku ya sadaka," alisema bila kugeuka. "Tundu kama mdomo mtupu, mwezi kama ule. Nikasema isije ikatuletea nuksi, nikauchomeka waya."

"Najua, Kaka."

"Ungeweza kumwambia."

"Nimwambie mgeni?"

Cheng-yuan alitikisa kichwa taratibu. Akaenda kwenye madhabahu ya ofisini, akawasha ubani mbele ya picha ya mdogo wake, akanong'ona maneno ambayo Yueh-kuei hakuyasogelea kuyasikia.

Simu ya ghalani haikulia tena. Hilo nalo lilimkosesha raha. Chai ilipoanza kupoa aliinuka, akarekebisha hereni, akaenda ghalani kwa miguu yake.

"Umefuata nini huku?" A-hsueh alicheka. "Inafanya kazi."

"Ijaribu."

"Nimejaribu sasa hivi."

"Tena, A-hsueh."