Injini Safi Mno

Nilikuwa nimechoka kukuta doa la oili sakafuni kila asubuhi, pale uani kwangu Boko. Gari lenyewe dogo, la turbo, na lilivuja taratibu, kama vile linanikomoa. Fundi wa kwanza alisema ni sili, akaibadilisha. Wa pili alisema ni gasketi, naye akaibadilisha. Doa likarudi palepale.

Sie tuliolelewa na mama yangu hatuendi hospitali bila kuoga. Basi kila nilipopeleka gari gereji nilipitia kwanza kwa waosha magari, wakaipiga injini sabuni mpaka ikang'aa. Niliona aibu kumfungulia mtu boneti chafu.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Mikocheni. Nilimwamkia, akafungua boneti, akainama kuchungulia.

"Nani kaosha hii?"

"Mimi, mzee. Nimeiosha kwa ajili yako."

"Sasa mie nitaona nini hapa? Kaliendeshe gari wiki nzima, injini usiioshe, halafu uje."

Nilinuna njia nzima, lakini nilitii. Niliporudi, mzee hakushika hata spana. Alimulika tochi, akanionyesha mstari mweusi wa oili. Ulianzia kwenye kibomba kinachorudisha oili kutoka kwenye turbo, ukashuka wazi hadi chini.

"Si hapo panapovuja," alisema.

Miezi minne yote nilikuwa naliosha jibu, tena kwa sabuni.