Nyundo ya Awuor

Hebu mwone Awuor akiingia kiwanda cha unga hapa Nakuru, asubuhi, koti la bluu, bisibisi ndefu mfukoni, nyundo ya mpira mkononi. Kabla hajamsalimu mtu, anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, anasikiliza. Beringi ikianza kuchoka yeye hujua siku tatu mapema. Miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hiyo.

Mwaka huu akaja Njuguna, kijana wa chuo kule Njoro, akabandika visikio vidogo vya waya mashine nzima.

"Injinia, hivi ndivyo vitanitoa hapa?"

"Vikifaulu mwezi mmoja, mathe, unapelekwa kufunga pakiti. Meneja ndiye amesema, si mimi."

"Na vitajuaje ugonjwa ambao havijawahi kuuona?"

Njuguna akalipenda swali. Akamwonyesha kwenye kompyuta mashine ya kuigiza, sawa na hii, ambayo alikuwa ameiharibu mara elfu kumi, kila mara kivyake, kompyuta ikisikiliza na kujifunza. Kisha ikaisikiliza hii yenyewe wiki mbili, ijue pia sauti ya mashine isiyo na shida.

"Umeharibu mara elfu kumi," Awuor akasema, "na shati halina hata doa la grisi."

Wiki ya tatu akaenda mazishini Gilgil, siku mbili. Zamani akikosa alimwachia mtu nyundo yake ya mpira. Safari hii hakuona haja. Si visikio vipo?

Asubuhi aliyoondoka taa nyekundu ikawaka kwenye kompyuta. Wakazima mashine, wakafungua, beringi zote sawa. Wakawasha, taa ikawaka tena. Siku mbili kiwanda hakikusaga hata dakika ishirini mfululizo.

Awuor aliporudi, Njuguna akavuta kiti, amtazame tu. Awuor akachukua nyundo, akagonga bomba la unga mara tatu, ndipo akatega sikio. Taa ikawa kijani.

"Ngoja. Hiyo unagonga ya nini, mathe?"

"Unga usigande. Mzee Owino aliyenifundisha aligonga kila nusu saa, nami nikaendelea."

Njuguna akajishika kichwa, akacheka. "Basi kompyuta imejifunza kwamba mashine isiyo na shida ni ile inayogongwa. Ukikosa wewe, inaiona kama mgonjwa."

"Kwa hivyo nimo humo ndani?"

"Umo. Sasa nataka kuifundisha upya. Wiki moja usigonge. Unga ukiganda, meneja ataona hapa panahitaji mtu, na mtu ni wewe. Usipoganda, ni kufunga pakiti."

Awuor akaigeuza nyundo mkononi. "Unajua, sijawahi kujaribu kutogonga. Hata mara moja."

Jumanne akailaza nyundo sakafuni, mashine ikawashwa. Nusu saa ikafika, mkono ukamwasha, akaukalia. Kisha akaweka bisibisi kwenye bomba, akafumba macho, akasikiliza kama siku yake ya kwanza kazini.

Ungekuwa wewe umeshika huo mpini, ungetamani kusikia unga umeganda, au unapita?