Blanketi Nililotaka Kulichoma

Watu wakisikia mmisionari wanafikiria mzungu mwenye ndevu na gari kubwa. Mimi ni Mchaga wa Rombo mwenye kitambi, nimepanga chumba Buguruni, na silaha zangu za vita ya kiroho ni spika moja ya kuchaji na chupa ya mafuta ya upako ambayo, yakiisha, naijaza mafuta ya mzeituni ya dukani Mchafukoge. Kanisa letu la kule mlimani lilinituma Kariakoo kupambana na falme za giza, nami nilikuja na hamu zote. Nilikuwa naona pepo hata pale wenzangu walipoona umeme umekatika tu.

Kwenye ushirika wetu kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akiuza mablanketi na mashuka kwa jumla, yeye na mumewe, nao ni watu wa kwetu. Jamani, dada yule alikuwa na mdomo! Angeweza kumuuzia blanketi mtu wa Lindi mwezi wa Januari, na mtu akaondoka anashukuru. Sasa aliporudi kutoka kumzika mama yake kijijini, hakusema neno tena. Anaamka, anapika, anafungua duka, mteja akiuliza bei anambonyezea kwenye kalkuleta. Hospitali walimwangalia koo wakasema ni zima. Mumewe akanifuata akiwa amekonda.

"Mtumishi, nisaidie," aliniambia. "Nyumba imekuwa kama kaburi. Naona mke wangu ananiponyoka, na sijui nimshike wapi."

Sikumuuliza hata swali moja. Nilijua papo hapo kwamba ni pepo bubu.

Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyokwenda msibani, maana nami nilikuwemo kwenye gari. Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba mama yake amefariki. Anaambiwa mama amezidiwa, njoo. Kaka zake walimweleza mume ukweli wakamwapisha asimwambie mkewe mpaka wafike. Mimi, mume aliniambia tu mama mkwe anaumwa, twende ukamwombee. Mtoto wa darasa la tatu wa kwetu angeshtuka: suti nyeusi imetundikwa kwenye gari, watoto wametolewa shule katikati ya muhula. Mimi nilikuwa nimejaa Roho, sikuiona suti.

Dada aliongea njia nzima. Atampikia mama mtori, atamkata kucha, atamlalia miguuni kama zamani. Mapajani alikuwa amepakata blanketi zito kuliko yote dukani, bado liko kwenye nailoni yake, maana kule juu baridi haina adabu. Tuliposimama Korogwe kunywa chai, nikaona huu ndio wakati wangu. Nikaweka mkono juu ya blanketi nikapaza sauti, "Namwona mama anasimama! Namwona anakunywa uji!" Hoteli nzima ikaitikia amina. Mume akatoka akaenda kusimama nyuma ya gari, nami nikadhani ameguswa.

Tulipofika tukakuta turubai uani na viti vya kukodi. Dada akanyamaza palepale getini, na huo ndio ukawa mwisho wa sauti yake. Mtu mwingine yeyote angeunganisha mambo. Na mimi niliunganisha, wallahi niliunganisha: nikasema pepo alikuwa amejibanza kwenye lile geti.

Basi nikatangaza vita. Nilifunga kula, ingawa kitambi hakikupata habari. Kila asubuhi kabla ya wateja kujaa, nilisimama katikati ya marobota ya mashuka na spika yangu, nikikemea. "Toka! Achia! Nasema achia!" Dada alikaa kwenye kigoda chake akinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu wa Lindi anayeuza mapazia, alivumilia mpaka akachoka.

"Mtumishi," aliniambia, "huyo pepo unasema ni bubu. Mimi naona ni kiziwi pia, maana kwa kelele hizi angekuwa ameshahama."

Nilimwombea na yeye.

Asubuhi moja mteja akaonyesha blanketi lililokuwa chini ya kigoda cha dada, kwenye nailoni. Analitaka hilohilo. Dada akatikisa kichwa. Mteja akabembeleza, dada akalisukuma ndani zaidi kwa kisigino. Nikasema ahaa! Nimekipata kiti chake! Mtu gani wa Kariakoo anakataa kuuza? Nikamvuta mume pembeni nikamwambia pepo anakaa kwenye lile blanketi, na Jumapili baada ya ibada tutalichoma moto mbele ya waumini wote.

"Lakini Mtumishi, lile blanketi..."

"Usimtetee adui," nikamkata.

Akainamisha kichwa. Alikuwa ananiamini, masikini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ijumaa nilikemea kwa nguvu zangu zote, na Jumamosi nikaamka sina sauti. Si kukwaruza, hapana, haipo kabisa. Nikifungua mdomo inatoka pumzi tu, kama tairi lililopata msumari. Mganga wa zahanati akaniambia nisiseme chochote mpaka koo lipone. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Mimi nilikwenda kuchukua blanketi.

"Loo," alisema mzee wa mapazia aliponiona nikiongea kwa mikono. "Leo Mtumishi kaambukizwa."

Nikainama, nikashika ncha ya nailoni, nikavuta. Dada akashika ncha nyingine. Nikavuta tena, naye akavuta, tukawa tunavutana pale dukani, mmisionari na mfiwa, wateja wanatuangalia.

"Acha," akasema.

Mume alikuwa juu ya ngazi akipanga mashuka. Alishuka nusura aanguke. Mimi nikataka kupiga kelele za haleluya, ikatoka ile pumzi ya tairi. Namshukuru Mungu mpaka kesho kwamba haikutoka sauti, maana ningeitumia.

"Hili ni la mama," alisema dada. Sauti yake ilikuwa imepata kutu. "Mtumishi, pale Korogwe uliposema mama amesimama, nilimpigia simu. Haikupokelewa. Nikajiambia yuko nje anakata majani ya ng'ombe, amepata nguvu, simu kaiacha ndani. Nilifurahi. Toka Korogwe mpaka Same nilikuwa naimba."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe ulikuwa unaniitikia. Ulijua mama yangu yuko mochwari, nikiimba unaitikia."

Mume alikaa chini sakafuni. "Kaka zako waliniapisha," alisema. "Sikujua nifanye nini. Ningenyamaza ungejua."

"Ningejua," alisema dada. "Ningelia njia nzima, na wewe ungenishika."

Hapo ndipo akalia. Alimwita mama yake kwa Kichaga, kama mtoto aliyeamka na kukuta yuko peke yake ndani, na nililia na mimi, bila sauti, nikiwa bado nimeshika ncha ya nailoni. Mzee wa mapazia alizima redio yake akaja kusimama mlangoni, akiwarudisha wateja taratibu.

Mazoea ni kitu kibaya. Nilinyoosha mkono nimwekee dada kichwani.

"Kaa tu, Mtumishi," aliniambia. "Leo usimwambie Mungu kitu."

Nikakaa kwenye robota. Mume akachana nailoni, akalitoa lile blanketi, akamfunika nalo mabegani. Jua lilikuwa la saa saba, bati linalia, jasho linatutiririka sote. Dada akalivuta mpaka kidevuni.