Kanali Aliponituma Kutaka Radhi

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule nilipoteremka ngazi za jengo letu la ghorofa Michenzani nimekupakata, na mbele yangu anatangulia Bi Zuwena, kanali mstaafu, mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kufika cheo kile. Mimi si mzee wa kutoa nasaha. Nna miaka ishirini na minane na hasira za kuchemshia birika. Lakini juzi umemrushia mwenzio kandambili aliposema wanawake hawawi askari, basi kaa nikwambie.

Bi Zuwena ni jirani yetu wa ghorofa ya chini. Ndiye aliyenifunza kukuogesha ulipozaliwa, maana bibi yako yuko shamba, Jambiani, analima mwani wake. Alipotoka jeshini akachukua fomu kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi. Watu wakamcheka: si akae alee wajukuu? Mimi nikitokota, yeye akitabasamu. Siku ile Bi Mize, wa jengo la pili, alikuwa amemkusanyia wanawake nyumbani kwake wamsikilize. Bila ya wanawake wale, kura za maoni hazipati, na kila mtu alilijua hilo.

Chini ya jengo hilo wanaume wanakunywa kahawa barazani. Mzee Haji, mume wa Bi Mize, akatuchokoza.

"Kanali! Hizo nyota walikupa kwa kukaanga maandazi?"

Wakacheka. Bi Zuwena alishafungua mdomo ajibu, mimi nikamtangulia.

"Mzee, mwenzio kaongoza askari. Wewe hata mkeo humuongozi, cheo chako ni kulinda dele la kahawa!"

Baraza zima likapiga ukelele. Nikajiona shujaa. Mzee Haji akaweka kikombe chini, akaondoka.

Habari ilipanda ngazi kabla yetu. Kwa Bi Mize mlango umefungwa. Tukapiga hodi mara tatu, akajibu kwa ndani: "Mumtukane mume wangu nje, kisha mje mkae kwenye mkeka wake? Hapana, Bi Zuwena. Nisamehe." Wanawake wakatoka mmoja mmoja, mabuibui yao yakanipita bila ya salamu.

Nikadhani Bi Zuwena atanitetea. Akanikalisha kwenye ngazi, akakuchukua wewe mikononi.

"Jeshini bunduki inakaa ghalani. Ukiitaka unatia saini, unasema unakwenda nayo wapi, na ukirudi unaulizwa risasi. Wewe umefyatua tu. Umempiga nani?"

"Kakutukana wewe!"

"Mimi nshatukanwa na wakubwa kuliko yeye. Yule kanitania, na jibu nilikuwa nalo. Nenda kamtake radhi."

"Siendi."

"Basi mtoto nnaye mimi mpaka utakapokwenda."

Nikaenda nalia kwa ghadhabu. Nilimkuta Mzee Haji dukani. "Shikamoo." Hakuitika. Nikarudia. Nikasimama pale watu wananitazama, nikasema nimekosa, anisamehe.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Ulimi huo upeleke Baraza la Wawakilishi, usinimwagie mimi kwenye kahawa."

Kesho yake Bi Zuwena mwenyewe akapita barazani. "Mzee Haji, maandazi nimekaanga kweli, kambini, na yaliungua. Sasa nambie, maji hayapandi ghorofani tangu lini?" Wakazungumza mpaka adhana ya alasiri.

Lakini wanawake wale hawakukusanyika tena, na mara ile alishindwa. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ulipofika umri wa kwenda skuli akachukua fomu tena, akagonga mlango wetu: "Yuko wapi mwenzangu wa safari?" Tukaenda. Bi Mize akatufungulia, akatutandikia mkeka. Leo Bi Zuwena ni mwakilishi wetu, na akisimama kuzungumza mimi hulia ovyo mbele ya redio.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sikwambii unyamaze, thubutu! Anayesema mwanamke hawezi, mjibu. Ila aliyetukanwa akiwa na jibu lake, muache aseme mwenyewe. Na kabla hujafungua mdomo jiulize nani atakayelipa, maana nilitukana mimi, akalipa Bi Zuwena. Ukikosea, nenda katake radhi mapema, hata kama unakwenda unalia.

Mungu akupe ulimi mkali na moyo wa kuusubirisha. Ukitaka buti, vaa buti. Ukitaka kiti cha Baraza, kikalie. Radhi zangu unazo zote, tangu leo mpaka nitakapofumba macho.