Ng'ombe Wawili wa Babu

Mimi nilidhani mtu akifilisika wanakuja kuzoa mpaka sufuria jikoni. Kwa hiyo baba, fundi seremala pale Ilomba, alipozidiwa na madeni ya mbao akaenda mwenyewe Mahakama Kuu kuomba atangazwe muflisi, nilimwona kachanganyikiwa. Kumbe tangu siku ile amri ilipotoka, hakuna mdai aliyeruhusiwa kuja kutupigia kelele mlangoni. Afisa aliyekabidhiwa mali akaandika kila kitu: mbao, pikipiki, kiwanja. Alipofika kwenye randa na msumeno, akaviacha. Vifaa vya kazi kama hivi, alisema, sheria inamwachia mtu apate kula. Jamani, nilishangaa mpaka nikakaa chini.

Shida ilikuwa ng'ombe. Wiki mbili kabla ya kwenda mahakamani, baba alimpelekea babu, baba yake mama, ng'ombe wetu wawili kule Iringa, kulipa deni ambalo babu alikuwa akimdai. Kwetu udaiwe na dunia nzima, si na mkwe. Afisa alipomhoji chini ya kiapo, baba hakuweza kudanganya. Akaambiwa hairuhusiwi kumpendelea mdai mmoja wakati wengine wanangoja. Ng'ombe warudi, kila mtu apate fungu kulingana na deni lake. Baba akasema bora afungwe kuliko kwenda kumnyang'anya mkwe. Mama alilia, akiogopa kaka zake watamrudisha nyumbani, amwache mwanamume wa aibu. Nami nilimchukia yule afisa, nikasema huyu hana hata wakwe.

Babu alipopata barua ya afisa ya kudai ng'ombe hakupiga simu. Siku ya mkutano wa wadai alifika na Fuso, ng'ombe nyuma, koti lake la baridi limejaa vumbi. Akawakabidhi, akajaza fomu ya madai kama wengine, akaketi katikati ya wauza mbao. Fungu lake, kwa hesabu ya afisa, lisingenunua hata mbuzi.

Afisa akauliza nani ana swali kwa mdaiwa. Wauza mbao wakauliza, wengine kwa ukali, na baba akawajibu macho yakiwa chini. Kisha babu akasimama.

"Mkwe, binti yangu anakula?"

"Anakula, baba."

"Basi. Sina swali lingine."